Fizi na Baraka: Kutoa mche kivulini ni kazi ya wiki nne, si ya siku moja

BARAKA – Mvua za kwanza zinapoanguka Baraka, kwa kawaida kati ya mwezi wa 9 na mwezi wa 10, barabara inayopanda kuelekea Fizi inajaa miche. Iko juu ya baiskeli, nyuma ya moto na kichwani mwa akina mama: michikichi, avoka, machungwa, kahawa, kila mmoja ndani ya sasheti yake nyeusi. Asubuhi ilikuwa bado pepinieri chini ya kivuli cha matawi. Jioni itakuwa shambani, kwa sababu mvua imefika na hakuna mkulima anayetaka kuikosa.

Wiki moja baadaye, katika mashamba mengi, majani ya miche hiyo yana mabaka meupe kama karatasi. Wiki ya pili mabaka yanageuka rangi ya kahawia na jani linakunjamana. Mwenye shamba hulaumu mbegu, udongo, aliyemuuzia, na wengine hata humshuku jirani. Lakini mara nyingi hakuna mwenye hatia kati ya hao. Mche umeunguzwa na jua, jua lilelile ambalo ungeliishi kwalo miaka 25, kwa sababu ulitolewa kivulini ghafla.

Kila mtu katika mji wa Baraka anajua methali inayosema kwamba haraka haraka haina baraka. Kwenye kazi ya kupanda miti ndipo inaposahauliwa zaidi.

Hasara yake si ndogo. Mche wa mchikichi hukaa pepinieri karibu mwaka mzima: miezi mitatu hivi ndani ya sasheti ndogo, kisha miezi minane hadi kumi ndani ya sasheti kubwa. Muda wote huo kuna mtu anayeumwagilia maji, anayeng'oa magugu na kufukuza kuku na mbuzi. Ukifa katika siku kumi za kwanza shambani, kazi ya mwaka imekwenda. Na kwa kuwa mche mwingine wa umri huo haupatikani haraka, mara nyingi mkulima atangoja mvua za mwaka unaofuata.

Jani lililokulia kivulini

Jani hujengwa kulingana na mahali lilipozaliwa. Likichipuka kivulini, huwa pana, laini, jembamba na la kijani kizito, ili lishike mwanga mdogo uliopo. Nta inayofunika ngozi yake ni kidogo, kwa maana hapakuwa na jua kali wala upepo wa kulikausha. Jani lililochipuka juani huwa dogo zaidi, nene na gumu, na nta yake ni nyingi.

Jani la kivulini haliwezi kugeuka kuwa jani la juani kwa usiku mmoja. Likipigwa na jua kali, hupokea mwanga mwingi kuliko linavyoweza kutumia, na ule wa ziada huharibu rangi ya kijani ambayo ndiyo jiko la mmea. Hayo mabaka meupe ndiyo alama ya kuungua, na sehemu iliyoungua hairudi kuwa kijani tena. Mche hupona kwa kutoa majani mapya, na hayo ndiyo yatakayozaliwa yakiwa yamelizoea jua. Ndiyo sababu kazi hii huchukua wiki kadhaa.

Tatizo la pili liko chini, kwenye mizizi. Mche wa sasheti una udongo wa kiganja kimoja au viwili tu. Ukiwekwa juani penye upepo, majani hupoteza maji haraka kuliko mizizi inavyoweza kunywa. Sasheti nayo ni nyeusi, na kitu cheusi hunywa joto. Udongo ulio karibu na plastiki huchemka saa za mchana, na ncha za mizizi, ambazo hasa ndizo zinazokunywa maji, hufa kwanza. Hapo mche hunyauka hata kama udongo umelowana, na mwenye kuumwagilia zaidi huishia kuuozesha.

Hapa Fizi kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii. Baraka iko kama digrii nne kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa mwezi wa 10, saa sita mchana, jua hupita karibu kabisa juu ya utosi. Hayo ni majira yaleyale ya kupanda. Kivuli cha ukuta wa nyumba au cha mti wa jirani, ambacho mwezi wa 7 kingeufunika mche, wakati huo hupungua hadi karibu kutoweka. Kukiwa na mawingu hakuna neno. Lakini mvua za mwanzo hazina uaminifu: hunyesha siku tatu, kisha jua huwaka siku nane mfululizo. Miche mingi hufa katika siku hizo nane.

Wiki nne za kuzoesha

Kuzoesha miche jua hakuhitaji mashine wala dawa. Kunahitaji kalenda, na mtu asiyechoka kuhamisha vitu.

Kazi huanza karibu mwezi mmoja kabla ya siku ya kupanda. Anayetarajia kupanda katikati ya mwezi wa 10 aanze katikati ya mwezi wa 9.

Wiki ya kwanza, miche hupata jua la asubuhi peke yake, tangu linapochomoza hadi saa tatu hivi, kisha hurudishiwa kivuli. Ikiwa ni michache, hubebwa na kurudishwa. Ikiwa ni mingi, huachwa mahali pake na matawi ya juu ndiyo yanayofunuliwa na kufunikwa tena.

Wiki ya pili, jua la asubuhi huongezwa hadi saa nne au saa tano, na lile la jioni baada ya saa tisa huruhusiwa pia. Saa za katikati bado ni za kivuli. Maji huanza kupunguzwa kidogo: si kila siku, bali pale udongo wa juu unapoonekana umeanza kukauka. Mche usiopewa maji kwa uvivu wa kila siku hujifunza kusukuma mizizi chini.

Wiki ya tatu, nusu ya matawi ya kivuli huondolewa moja kwa moja, moja likitolewa na moja likibaki, ili mche upate jua la madoadoa kutwa nzima.

Wiki ya nne, kivuli huondolewa chote, kwanza katika siku za mawingu, na miche hubaki wazi mchana na usiku. Mche uliopita wiki hiyo bila mabaka uko tayari kwenda shambani.

Wenye pepinieri za zamani kando ya ziwa wana njia inayofanya sehemu ya kazi hii bila kuhesabu siku. Huezeka kivuli kwa matawi mabichi ya mchikichi. Mwanzoni matawi hayo yana majani mengi na kivuli ni kizito. Kadiri yanavyokauka ndivyo vijani vinavyodondoka, na jua huingia kidogo kidogo. Aliyeezeka mara moja na kuacha kuongeza matawi mapya ameizoesha miche yake jua karibu bila kujua. Neti za plastiki zinazouzwa mijini hazina tabia hiyo. Kivuli chake ni kilekile tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na mwenye kuzitumia lazima akumbuke kuzifunua mwenyewe.

Kuna kipimo rahisi kwa asiye na hakika. Mche ukilegea saa saba mchana lakini jioni ukasimama tena, unajifunza, usiuguse. Ukiwa bado umelegea asubuhi ya pili, umezidiwa: urudishwe kivulini siku tatu, kisha uanze upya hatua moja nyuma.

Si kila mti unaopelekwa kwenye jua kamili. Mchikichi hulitaka jua lote ukishazoea. Kahawa na kakao, kinyume chake, hupenda kukulia chini ya kivuli chepesi hata shambani, na ndiyo maana migomba hutangulizwa kupandwa. Kwa miti hiyo, kuzoesha kunaishia kwenye jua la madoadoa. Avoka na machungwa hulihimili jua, lakini shina changa la avoka huungua gome upande wa magharibi, na wengi hulipaka chokaa nyeupe iliyokorogwa na maji.

Upepo, mvua na miinuko

Jua ni adui wa kwanza, ila haliko peke yake. Wilaya ya Fizi ina hali za hewa zaidi ya moja, na mche unaohamishwa kutoka Baraka hadi Fizi-centre, au hadi Lulenge, umehama nchi.

Kando ya ziwa kuna upepo. Tangu mwezi wa 5 hadi wa 9 hivi, upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya Ziwa Tanganyika, na wavuvi hujua siku ambazo mtumbwi hautoki. Rasi ya Ubwari hukinga ghuba ya Baraka kwa kiasi, lakini vijiji vilivyoelekea ziwa wazi hupigwa moja kwa moja. Upepo hukausha mche haraka kama jua linavyofanya, na pia huutikisa hadi mizizi mipya inakatika kabla ya kushika udongo. Kinga yake ni ua wa matete au wa nyasi ndefu uliojengwa upande upepo unakotoka. Ua usizibwe kabisa. Ukuta uliozibwa huurusha upepo juu na kuuangusha kwa nguvu nyuma yake, na ua wenye matundu huupunguza kasi.

Mvua ya nguvu nayo hupiga. Matone makubwa hurusha udongo juu ya majani, na magonjwa ya ukungu hupanda pamoja na matope hayo. Pepinieri iliyo bondeni hugeuka dimbwi. Sasheti ziwekwe juu ya kichanja cha miti au juu ya changarawe, zitobolewe matundu ya kutosha upande wa chini, na mfereji uchimbwe kuzunguka. Nyasi kavu zikitandazwa juu ya udongo wa sasheti, hupunguza mrusho wa matope na joto la mchana kwa wakati mmoja.

Kwenye miinuko, kuelekea Itombwe na Minembwe, kuna baridi ya usiku na mvua ya mawe. Hewa hupoa kwa zaidi ya nusu digrii kila unapopanda mita 100, kwa hiyo mche uliokulia joto la ziwani husimama kwanza ukishafika juu, kama mtu aliyeshuka kwenye gari bila koti. Wenye busara huuweka siku kumi hadi kumi na tano chini ya paa la nyasi karibu na nyumba kabla ya kuupanda. Mchikichi wenyewe haupendi miinuko hiyo: utakua, lakini hautazaa vizuri. Huko kahawa ya arabika na miti ya matunda ya baridi ndiyo yenye nafasi.

Kisha kuna ziwa lenyewe. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Tanganyika ilipanda na kuingia katika nyumba, barabara na mashamba ya kando, tangu Bujumbura na Uvira hadi Baraka na Kalemie. Mto Mutambala nao hutoka kitandani mwake mvua zinapozidi. Pepinieri hupenda kuwa karibu na maji kwa sababu kubeba bido ni kazi, lakini iliyo hatua kumi kutoka ufukweni inaweza kupotea kwa usiku mmoja. Pahali pazuri ni pale ambapo maji yako karibu kwa kutembea na mbali kwa kufurika, hata kama mgongo utalalamika.

Safari juu ya moto

Miche mingi iliyozoeshwa vizuri huharibikia njiani. Kilomita 30 au 40 nyuma ya moto, majani yakipigwa na upepo na vumbi, hukausha mche kuliko siku tatu za jua. Sasheti zikirushwa, udongo hupasuka ndani na mizizi midogo hukatika bila mtu kuona.

Kinga yake ni ndogo. Miche imwagiliwe usiku wa kuamkia safari, si asubuhi yake, ili udongo uwe umeshikana bila kuwa tope. Ipangwe wima ndani ya sanduku au kikapu, ikikazana. Majani yafungwe pamoja kwa kamba ya mgomba na kufunikwa kwa kitambaa kilicholowana. Ibebwe kwa kushika sasheti chini, kamwe isishikwe shina. Ikifika, ipumzike kivulini siku mbili kabla ya kupandwa.

Anayenunua mche sokoni bila kujua historia yake auangalie majani. Yakiwa mapana, laini na ya kijani kizito, umetoka kivulini leo. Yakiwa magumu kidogo na rangi yake imepauka, umekwisha kuzoeshwa. Auinamishe pia na kutazama chini ya sasheti. Mizizi ikiwa imetoka nje na kujizungusha, mche umekaa kupita muda wake. Mizizi hiyo ikatwe kwa kisu safi wakati wa kupanda, la sivyo itaendelea kuzunguka ardhini na mti hautashika.

Siku ya kupanda na kiangazi cha kwanza

Shimo la sentimita 60 kila upande huchimbwa wiki kadhaa mapema, udongo wa juu ukiwekwa kando na ule wa chini upande mwingine. Siku ya kupanda, udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza ndio unaorudi kwanza. Michikichi hupandwa kwa pembe tatu, mita 9 kati ya mti na mti, na hekta moja hubeba miti 143. Wengine hubana zaidi wakidhani watapata mawese mengi. Matawi yakishagusana, miti hushindana kwenda juu badala ya kuzaa.

Mche hupandwa jioni, au siku ya mawingu, udongo ukiwa umelowana. Sasheti huchanwa na kuondolewa. Anayeuacha mche ndani ya plastiki ameupandia jelani. Shingo ya mchikichi ibaki sawa na usawa wa ardhi: ukizikwa moyo wake huoza, ukiachwa juu upepo huuangusha. Kwa avoka iliyobebeshwa, kiungo kibaki juu ya udongo.

Hata mche uliozoeshwa huhitaji msaada wiki mbili za kwanza. Matawi mawili ya mchikichi yaliyochomekwa upande wa mashariki na wa magharibi, vichwa vikikutana juu, yanatosha kwa wengi. Yakikauka na kudondoka, kazi yake imekwisha. Nyasi kavu hutandazwa kuzunguka mche, lakini ziachwe umbali wa kiganja kutoka shinani, maana mchwa hufuata nyasi na kisha hula gome.

Aliyepanda mwezi wa 10 ana miezi saba hivi ya mvua mbele yake, na mapumziko mafupi mwanzoni mwa mwaka. Aliyechelewa hadi mwezi wa 4 ana wiki chache tu kabla ya kiangazi kuanza mwezi wa 6. Mche wake utakutana na ukame ukiwa na mizizi ya sasheti. Kama amechelewa, ni afadhali auweke pepinieri hadi mvua zinazokuja, ahamishie sasheti kubwa zaidi, kuliko kuupanda ili kutimiza wajibu.

Kiangazi cha kwanza kina hatari zake. Moto unaowashwa kusafisha mashamba huruka, kwa hiyo ukanda wa mita kadhaa hulimwa kuzunguka shamba na kuachwa mtupu. Mbuzi wanaoachiliwa baada ya mavuno hutafuta chochote cha kijani, na uzio wa miiba kuzunguka kila mche ni bei ndogo. Panya wa porini hupenda moyo mtamu wa mchikichi mchanga. Karanga na maharage yanaweza kulimwa kati ya mistari miaka ya kwanza, nayo hulipa gharama ya palizi. Muhogo usogezwe mbali, kwa sababu hukua haraka na kuufunika mche uliotoka tu kuzoeshwa jua.

Mti wa kopo na mti wa ardhi

Wapo watu duniani wanaoufuga mti ndani ya chombo maisha yake yote. Wajapani huuita bonsai: msonobari au mti mwingine unaokatwa mizizi na matawi kwa ustadi hadi unabaki mdogo, ukizeeka ndani ya sahani ya udongo. Sheria zao za kuutoa nje ni zilezile za Baraka: jua la asubuhi kwanza, kivuli mchana, ukuta wa kukinga upepo, kuhama polepole. Mmoja wa miti hiyo, msonobari mweupe wa familia ya Yamaki, unalelewa tangu mwaka 1625. Tarehe 6 mwezi wa 8 mwaka 1945, bomu la atomiki lilipoanguka Hiroshima, ulikuwa nyuma ya ukuta wa pepinieri ya familia hiyo, nao ukasalimika. Mwaka 1976 ulitolewa zawadi kwa Marekani, na uko Washington.

Mti huo umeishi karne nne kwa sababu kila kizazi kilikuwa na mtu wa kuumwagilia. Mti wa chombo hauna uwezo mwingine. Akiondoka mtu siku chache za jua, umekufa.

Hapo ndipo jambo hili linapowagusa watu wa Fizi kuliko wengine. Huku mtu anaweza kuondoka usiku bila kuaga. Vita vya 1996 vilianza kusini mwa Kivu mwezi wa 10, majira yaleyale ya kupanda, na maelfu ya familia za Fizi zilivuka ziwa kwenda Tanzania. Vita vya 1998 viliwaondoa wengine. Ni mwaka 2005 tu ndipo Shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia wakimbizi lilipoanza kuwarudisha kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Na hadi leo mapigano milimani huwafanya watu wahame na kurudi, kisha kuhama tena.

Hesabu yake ni nyepesi. Mche uliokuwa bado ndani ya sasheti familia ilipokimbia haukumaliza wiki ya pili ya kiangazi. Mchikichi uliokuwa umeshika ardhi mwaka 1996 ulikuwa na miaka tisa mwaka 2005, umri ambao mti huu unazaa kwa nguvu. Umefunikwa na magugu, pengine umepita moto, lakini umesimama, na mikungu ya ngazi iko juu. Mwenye kurudi na mikono mitupu alikuwa na kitu cha kuanzia: bido ya mawese ya kuuza sokoni, mafuta ya kutia kwenye sombe, pesa ya karo ya mtoto.

Nchi hii imewahi kufundisha dunia kuhusu mti huo. Mwaka 1941, katika kituo cha utafiti cha Yangambi, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha kwamba mchikichi wa tenera, wenye nyama nyingi na ganda jembamba, huzaliwa kwa kuvusha aina mbili, dura na pisifera. Mashamba mengi makubwa ya mawese duniani, hata ya Malaysia na Indonesia, yamejengwa juu ya ugunduzi huo. Maana yake kwa mkulima wa Fizi ni hii: mbegu iliyookotwa chini ya tenera haitoi tenera zote. Karibu nusu ndizo zitakazofanana na mama, robo zitakuwa dura na robo pisifera, ambayo mara nyingi haizai matunda ya maana. Mbegu bora inanunuliwa, na mche wake ni wa thamani. Kuuacha uungue kwa haraka ya wiki moja ni kutupa hicho kilichonunuliwa.

Sasa, kabla mvua hazijakaza, wenye pepinieri wanaweza kuanza kufunua matawi ya juu: asubuhi hii saa mbili za jua, wiki ijayo nne. Itakapofika siku ya kupanda, mche utakuwa umekwisha kuonja jua, upepo na kiu kidogo, ungali karibu na mtu wa kuusaidia. Baada ya hapo huenda usimwone kwa muda mrefu, na utalazimika kuishi wenyewe hadi arudi.